Mjadala: Ni sotoka au ni bunduki iliyowapa wakoloni bara letu?

Ndugu zangu, swali lililo mezani ni kama wanyama na maradhi yao wanaweza kujenga au kubomoa dola. Waliotangulia wamegawanyika. Wapo wanaosema ni bunduki ya Maxim, ile ya kufyatua risasi mfululizo, na makubaliano ya Berlin ya wazungu kugawana Afrika tu, mengine ni hadithi. Wapo wanaosema mbung'o, nzi anayeambukiza ng'ombe maradhi ya kuua, alikwishaamua zamani: pasipo ng'ombe hapana plau wala mkokoteni, na pasipo hivyo hapana dola. Siko upande wowote kati ya hizo mbili.

Hoja ya mbung'o haifiki mbali. Asante, katika Ghana ya leo, walijenga dola yao ndani ya msitu, bila ng'ombe wa kulimia. Buganda ilisimama juu ya migomba na mitumbwi ya vita. Mdudu aliwazuia ng'ombe, hakuwazuia watu kupanga utawala.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, ni habari nyingine. Iliingia kupitia Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Mwaka 1891 ilikuwa imefika kwa Wamasai, na baada ya miaka michache ikavuka Zambezi kuelekea kusini. Sehemu nyingi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Tunapolisoma hili leo tunaona hasara ya mifugo. Kwa mfugaji wa wakati ule ng'ombe alikuwa chakula, mahari, fidia ya damu, na kilichomfunga kijana kwa wakubwa wake. Zizi likibaki tupu, mkubwa hana cha kumwitia mtu vitani. Kisha ikaja ndui, na njaa. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipopita kreta ya Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamasai waliobaki ngozi na mifupa, wakiomba chakula. Hao ndio ambao miaka kumi nyuma misafara kutoka pwani iliwalipa hongo ili ipite salama.

Anayeshikilia hoja ya bunduki atanitajia Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na ana haki. Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na ilichukua hadi 1898 kummaliza. Nitampa mfano mkubwa zaidi: Ethiopia ilipoteza ng'ombe wake karibu wote, watu wakafa kwa njaa tangu 1888 hadi 1892, na bado mfalme wake Menelik aliwashinda Waitaliano Adwa mwaka 1896. Basi sotoka haikuamua nani atawale? Tazama tena tarehe. Ni ndani ya miaka hiyo hiyo ya njaa, baada ya Yohannes IV, mfalme aliyemtangulia Menelik, kufa vitani, ndipo Waitaliano walipopanda hadi Asmara mwaka 1889 na kutangaza koloni la Eritrea mwaka 1890. Menelik alishinda, lakini Eritrea haikurudi mikononi mwake. Mpaka ule upo hadi leo, na watu wameufia kwa maelfu kati ya 1998 na 2000.

Huo ndio msimamo wangu: maradhi ya wanyama hayachagui mshindi, yanachagua nani yupo kwenye ardhi siku bendera inapopandishwa.

Na hapa kuna jambo linaloniuma ambalo hakuna aliyeligusa. Malisho yaliyobaki bila ng'ombe yaliota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na wenye madaraka wakaiona nchi hiyo kuwa pori tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kenya, Wamasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Tanganyika, Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 wafugaji wakaondolewa. Hata wale nyumbu tunaojivunia: mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama laki mbili na nusu, wakapita milioni moja baada ya chanjo ya ng'ombe kuwakinga na sotoka. Uasilia huo una mkono wa daktari wa mifugo ndani yake.

Dola zetu huru zilirithi ramani hiyo nzima nzima, na hoja zake pia. Ninaomba anayetetea mipaka ya hifadhi kwa kusema "hapakuwa na watu" atuambie anahesabu kuanzia mwaka gani. Je, ni kabla ya 1890, au baada yake?