Printa ya WiFi kwenye Linux: bila draiva, draiva ya mtengenezaji, au waya wa USB?

Steshenari_ya_Kona (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kompyuta mbili za dukani nimezihamishia Linux Mint na kazi zinakwenda vizuri, ila kuprinti kwa WiFi kumegoma. Printa ni ya wino, ina skana, haina skrini, ni vitufe na taa tu. Simu inaiona na inatoa karatasi bila shida, lakini kompyuta hazioni kitu.

Nimeona njia tatu zinatajwa: kuiacha Linux iitumie bila draiva (programu ya kuiunganisha kompyuta na printa) kwa IPP, yaani lugha ya kuprinti kupitia mtandao, kushusha draiva ya mtengenezaji, au kuchomeka USB kwenye kompyuta moja na nyingine iprinti kupitia hiyo. Mteja aliyekuja kutoa CV asubuhi ya usaili hana muda wa kusubiri. Ninyi mngeenda na ipi, na kwa nini?

fundi_wa_jioni

Bila draiva, mkuu, wala usiumize kichwa. Kama simu inaprinti, hiyo printa inajua AirPrint au Mopria, njia za simu kuprinti bila draiva, na zote mbili zinasafiri juu ya IPP. CUPS, mtambo wa kuprinti ulio ndani ya Linux, unaongea hiyo hiyo IPP. Printa yenyewe ndiyo inayoieleza kompyuta ina karatasi za ukubwa gani, ina rangi au haina, inageuza pande mbili au la. Draiva inakosa kazi.

AirPrint ilianza 2010, kwa hiyo printa nyingi za WiFi zilizotoka miaka ya karibuni zinayo. Fungua terminali, andika:

`driverless`

Ukipata mstari unaoanza na `ipp://` au `ipps://`, printa imeonekana. Ikikaa kimya, usihangaike na draiva, tafuta tatizo kwenye mtandao.

Mama_Tona

Nakubaliana nusu. Bila draiva inatosha kwa barua na CV. Lakini anayetoa picha za pasipoti anataka kuchagua aina ya karatasi, ubora wa wino, na kusafisha kichwa cha printa, na hapo draiva ya mtengenezaji mara nyingi inakupa zaidi.

Ugumu unategemea kampuni. HP wana HPLIP, kifurushi cha draiva zao, tayari imo kwenye hazina ya programu ya Mint na Ubuntu; unaandika `hp-setup` na kuipa anwani ya IP ya printa. Epson nyingi zinatumia `printer-driver-escpr`, nayo imo humo humo. Brother unashusha skripti yao, unaipa jina la modeli, inaleta mafaili yenyewe. Ila baadhi ya draiva zao ni za biti 32, na kompyuta ya biti 64 huenda ikadai maktaba za ziada kwanza. Kwa HP, baadhi ya leza zinahitaji plugini ya pembeni ambayo lazima ilingane na toleo la HPLIP. Ukiboresha mfumo, printa iliyokuwa inafanya kazi jana inakataa hadi uishushe upya kwa `hp-plugin`. Kwa duka lenye wateja mlangoni, hilo nalihesabu kama gharama.

fundi_wa_jioni

Na ongeza hili: ukiweka printa yenye draiva kwa `lpadmin`, amri ya kuongeza printa, CUPS yenyewe inakuonya kwamba draiva zitaacha kufanya kazi kwenye toleo la baadaye. Safari inaelekea huko.

dada_seva

Kabla ya kuchagua njia, kaka, swali moja: simu na kompyuta ziko kwenye WiFi moja kweli? Printa hujitangaza kwa mDNS (njia ya vifaa kujitambulisha kwenye mtandao wa ndani), bandari 5353 ya UDP, na tangazo hilo halivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni, na huko vifaa vinazuiwa visionane.

Bonyeza vitufe vya printa itoe ukurasa wa taarifa za mtandao (mchanganyiko wa vitufe uko kwenye kijitabu chake). Soma jina la WiFi na anwani ya IP, halafu `ping` anwani hiyo kutoka kwenye kompyuta, kuona kama printa inajibu. Ikijibu lakini `driverless` haioni kitu, iongeze kwa mkono. Tuseme anwani ni 192.168.1.50:

`sudo lpadmin -p Dukani -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

Hilo `everywhere` la mwisho ndilo linaloiambia CUPS iiulize printa uwezo wake badala ya kutafuta draiva.

Steshenari_ya_Kona

Dada, umegonga penyewe. Karatasi ya printa inasema WiFi ya ofisi, kompyuta zote mbili ziko kwenye ile ya wageni. Nimezihamisha, `driverless` imeleta mstari wa `ipp://`, na CV ya mteja imetoka. Draiva sijaigusa.

Sasa hofu yangu ni umeme. Ukikatika na kurudi, rauta si itagawa anwani upya?

Baharia_wa_Bandari

Inaweza. Kama umeongeza kwa anwani ya IP, ingia kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, uitengee printa anwani yake kwa kutumia MAC (namba ya kudumu ya kifaa) iliyoko kwenye ile karatasi. Kama Mint imeiona yenyewe, inaifuata kwa jina lake la mtandao, hivyo anwani ikibadilika haikuathiri.

USB naitetea kwa wale wanaotumia hotspoti ya simu kama intaneti ya duka. Hotspoti nyingi hubadilisha anwani kila zikiwashwa, na mwenye simu akitoka kwenda benki printa imekufa. Chomeka waya, kisha:

`sudo cupsctl --share-printers`

Kompyuta ya pili itaiona, ilimradi ile yenye waya imewashwa. Huo ndio udhaifu wake. Wewe una rauta, baki na WiFi.

dada_seva

Na kwa usalama: kama mfumo una `cups-browsed`, programu inayotafuta printa za mtandaoni na kuziongeza yenyewe, hakikisha umepokea masasisho. Septemba 2024 yalitangazwa matundu makubwa humo, ilikuwa inasikiliza bandari 631 ya UDP kutoka kwa yeyote. Kwa printa moja inayoongea IPP unaweza kuizima kabisa, CUPS itaendelea kuiona.

Steshenari_ya_Kona

Nimeizima na kuprinti kunaendelea. Na skana?

Mama_Tona

Hapo hata mimi siweki draiva siku hizi. `sudo apt install sane-airscan` (ya kuskani kupitia mtandao bila draiva), halafu `scanimage -L` inayoorodhesha skana zilizoonekana. Jina la printa likitokea, fungua programu ya kuskani iliyoko kwenye menyu ya Mint. Ukiskani kitambulisho weka 300 dpi. 600 itakupa faili zito, na fomu nyingi za mtandaoni zinalikataa.