Somo la usimamizi wa michakato kwa wanafunzi wa uhandisi: mnaanzia wapi?

Mhandisi_Chaki

Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa somo la usimamizi wa michakato ya kazi, mwaka wa tatu, wanafunzi 64, wengi wa mitambo na wachache wa umeme. Mimi mwenyewe ni mtu wa mitambo. Somo nimelirithi kwa mwenzangu aliyestaafu, pamoja na slaidi zake 210.

Muhula uliopita nilizifuata kama zilivyo. Wiki sita nzima ni alama za BPMN, yaani lugha ya kuchora michakato ya kazi: duara la kuanzia, mstatili wa kazi, malango (pale njia zinapogawanyika au kuungana), mishale. Walichora vizuri kunishinda. Kwenye mtihani nikawapa maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu ombi la kutengeneza kifaa, na swali moja tu: kazi inachelewa wapi? Waliojibu kwa hoja walikuwa 9. Waliobaki walinichorea mchoro mwingine, mzuri zaidi. Mmoja aliandika, "Mwalimu, sioni tatizo, mishale yote imeunganishwa." Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana ndivyo nilivyomfundisha.

Halafu kuna dharau. "Tumekuja kusoma turbini, hizi fomu za nini?" Mliofundisha au kusoma somo hili, mnaanzia wapi ili mtu wa hesabu na mashine alione ni lake?

Foleni_Ndefu

Mwalimu, alama zisogeze hadi wiki ya nne. Anza na saa ya mkononi.

Mimi wiki ya kwanza sichori kitu. Nawagawa watatu watatu, kila kundi linafuata ombi moja la kutengeneza kifaa cha maabara, tangu linapoandikwa hadi kifaa kinaporudi mezani. Wanaandika mambo matatu: ombi namba ngapi, kimefanyika nini, saa ngapi. (Programu za kuchambua michakato kwa kumbukumbu za kompyuta nazo huanzia na hayo hayo matatu, ila usiwaambie mapema.) Ombi moja lilichukua siku 12 za kazi. Walipojumlisha muda ambao kuna mtu alikuwa amelishika kweli, walipata dakika 55. Kwa siku ya saa 8, haifiki asilimia 1. Hawajawahi kukutana na mashine yenye ufanisi wa aibu namna hiyo.

Hapo ndipo naleta kanuni ya Little, aliyoithibitisha mwaka 1961: wastani wa kazi zilizomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa ndani. Maombi 40 yamelala, 5 yanaingia na 5 yanatoka kila siku, basi kila moja linakaa wastani wa siku 8. Tangi la maji wameshalikokotoa tangu mwaka wa kwanza. Waambie tangi sasa ni trei ya mezani. Kijana mmoja aliuliza kama tukimpa mpiga muhuri kompyuta ya kasi mambo yatanyooka. Nikamwambia akokotoe. Muhuri ulikuwa dakika 2 ndani ya siku 12. Akakaa.

Ukifika kwenye alama, chukua chache. Maelezo rasmi ya BPMN 2.0, ya mwaka 2011, yana kurasa zaidi ya 500, na hakuna anayekulazimisha kuyamaliza. Ila malango usiyaharakishe. Mwanafunzi akigawa njia kwa lango la "ama hii ama ile", kisha akaziunganisha kwa lango la "subiri zote", kazi inakwama hapo daima, kwa kuwa inasubiri njia ambayo haikufuatwa. Wape vifuniko vya chupa wavisukume juu ya mchoro wao. Kifuniko kikigoma kusonga, huna haja ya kueleza. Wale wa umeme watakuwa wa kwanza kuona.

Zamu_ya_Usiku

Mimi sifundishi, niko kiwandani. Somo hili nililifaulu kwa kukariri. Nilikuja kulielewa mota ilipoungua: kufunga mpya ilikuwa saa 3, lakini mashine ilisimama siku 6 ikisubiri sahihi na kipuri. Fomu moja kati ya tano ilikuwa inarudishwa kwa namba ya kipuri iliyokosewa, na ikirudi inaanza foleni upya. Wape hiyo waikokotoe: 1 gawanya kwa 0.8, kila fomu inapita mara 1.25 kwa wastani.

Na jambo moja: mchoro anaokupa bosi siyo kazi inayofanyika. Muulize mtu wa stoo, tena peke yake.

Bi_Mizani

Foleni, nakubali nusu. Saa ya mkononi mbele ya karani inamfanya aone anapelelezwa. Kundi langu moja lilifukuzwa ofisini, na haki yao. Siku hizi wanaomba ruhusa kwanza, wanafuata karatasi na siyo mtu, na majina hayaandikwi.

Pia si kila kusubiri ni upotevu. Sahihi ya mkaguzi kabla ya kuwasha umeme iacheni! Swali ni kama hatua yenyewe inahitajika. Mimi huwapa kisa cha kampuni ya magari ya Ford alichokieleza Michael Hammer, mtaalamu wa usimamizi, mwaka 1990. Idara ya kulipa wauzaji ilikuwa na watu zaidi ya 500, na walitarajia kompyuta mpya zingewapunguza kwa asilimia 20. Mazda, kampuni ndogo zaidi, kazi hiyo ilifanywa na watu 5. Mwishowe Ford waliondoa ankara yenyewe: mzigo ukifika ukalingana na oda iliyomo kwenye kompyuta, malipo yanatoka. Watu wakapungua asilimia 75. Nawaficha jibu, nawaachia dakika 20. Karibu wote huanza kwa kuharakisha ankara.

Kuhusu dharau, waambie chati za michakato Frank na Lillian Gilbreth waliziwasilisha mwaka 1921 mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani. Ni mali yao.

Mhandisi_Chaki

Asanteni sana. Slaidi 150 naziweka kabatini. Ila ofisi zikikataa makundi yangu, nifuate karatasi ya nani?

Foleni_Ndefu

Yako. Maombi ya kusahihishiwa alama za mtihani yanapita kwako, sivyo? Mimi nilianza na yangu. Wanafunzi walikuta moja limelala mezani kwangu siku 9.