Kano ya goti imekatika: mazoezi au kisu?

BekiWaBusia
Salamu wakuu. Naendesha boda hapa Busia upande wa Uganda, Jumapili nacheza beki. Wiki sita zilizopita niligeuka na mpira, goti la kulia likalia "tak!", na jioni lilikuwa limevimba kama papai. Picha ya MRI niliyopigwa Kampala inasema kano ya mbele, ile ACL, imekatika yote. Daktari wa mifupa anataka kunipasua. Mtu wa fiziotherapia anasema nijaribu mazoezi miezi mitatu kwanza. Uvimbe umeisha, natembea, ila kupiga kiki ya pikipiki bado naogopa. Mliopitia mniambie.

Afande_Mstaafu
Mdogo wangu, mimi sikupasuliwa. Nilianza kwa kukaza paja mguu umenyooka, nahesabu kumi, nalegeza. Baadaye kukaa na kuinuka kitini bila kushika kitu, kisha kupanda ngazi moja na kushuka polepole. Mwisho kusimama mguu mmoja huku napiga mswaki. Mama watoto alicheka mpaka akazoea. Ilichukua miezi minne hivi nikaanza kuliamini goti. Leo napanda kilima cha Mbuya vizuri tu. Lakini mpira niliacha, nisikufiche.

Mama_Netiboli
Mimi nilipasuliwa na sijuti, maana goti lilikuwa linateguka hata nikigeuka jikoni. Ila asikudanganye mtu kwamba ukipasuliwa umekwepa mazoezi! Walichukua kano nyuma ya paja wakaipandikiza gotini, halafu nikafanya yale yale ya afande, miezi tisa kabla ya kurudi uwanjani. Biashara yangu ya vitenge ilikaa kimya muda wote huo.

Fizio_Mbale
Kaka, Uswidi walilinganisha njia hizi kwa vijana 121 waliokatika ACL, matokeo yakatoka 2010. Baada ya miaka miwili, walioanza na mazoezi hawakuwa nyuma ya waliopasuliwa mapema. Ila kufikia mwaka wa tano, karibu nusu yao nao walikuwa wameshapasuliwa. Maana yake kuanza na mazoezi hakukufungii mlango wa kisu. Sasa niambie: goti linakwama? Yaani linagoma kunyooka mpaka mwisho? Kama ndiyo, huenda kipande cha meniski, ile gegedu iliyo katikati ya mifupa ya goti, kimejikunja ndani. Hapo usingoje miezi mitatu, rudi kwa daktari.

Kijana_Arua
Shangazi yangu anachua kwa mafuta ya simsim, watu wanapona.

Fizio_Mbale
Kuchua kunatuliza maumivu, sikatai. Kano iliyokatika hakuiungi. Na shangazi asilikunje goti kwa nguvu, tafadhali.

BekiWaBusia
Halikwami. Liliteguka mara moja tu, nikiteremka kwenye matope. Basi naanza na kiti. Afande, mara ngapi?

Afande_Mstaafu
Kumi, pumzika, kumi tena, mpaka duru tatu. Leo fanya, kesho pumzisha. Likivimba usiku, umezidisha, punguza. Na kiki mwachie mwenzako wa steji kwa sasa.