Matofali mabichi yanapasuka: nichanganye katani, majani ya mpunga au nyavu chakavu?

Mkazi wa Misungwi
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninajenga vyumba viwili kwa matofali mabichi, na katika yale mia mbili ya kwanza karibu nusu yamepasuka kabla ya kukauka, mengine yakiwa na ufa unaoingiza ukucha. Udongo ni wa mbuga, mweusi na mzito. Jirani ananishauri nikatekate nyavu za nailoni zinazotupwa mwaloni nizichanganye humo, ilhali mama anasisitiza kwamba majani ya mpunga yanatosha. Nimsikilize nani? Tena, ukuta wa zamani wa jikoni umeachana pembeni. Je, nyuzi zitausaidia?

Fundi wa Magu
Ndugu yangu, anza na udongo. Mbuga huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, kwa hiyo ipunguze makali kwa luseni, yaani udongo wa kichanga, kabla hujafikiria uzi wowote. Kazi ya nyuzi ni kuugawa ufa mmoja mpana kuwa nyufa nyingi nyembamba kama unywele, na kulishikilia tofali lisikatike ghafla linapoelemewa. Mimi hukata katani urefu wa sentimita 3 hadi 5, nami sizidishi asilimia 1 ya uzito wa udongo mkavu, kwa sababu zikizidi hujisokota mabonge na tofali hubaki na mapengo ndani. Mama yako hajakosea: majani ya mpunga yaliyokatwakatwa yanafaa, mradi mchwa wazuiwe kwa msingi wa mawe, na mawe Mwanza hatujapungukiwa.

Dada wa Igoma
Shikamoo fundi. Naongeza kwamba ukitia saruji nyingi, ualkali wake hula nyuzi za mimea, ilhali katika udongo mtupu katani hudumu. Nailoni haiozi, lakini inateleza. Vipande vyenye mafundo ndivyo vinavyoshika udongo.

Kuhusu jikoni, nyuzi zilizo ndani ya tofali haziunganishi kuta mbili zilizoachana. Nchini Peru watafiti wamevisha kuta za namna hii wavu mgumu wa plastiki pande zote mbili, wakaufunga kwa kamba zinazopenya ukutani na kuupiga lipu. Ukuta ukitikiswa hupasuka, ila hauangukii watu. Wavu wa samaki si mbadala wake, kwani hunyumbuka, na jua huuchakaza. Tukikumbuka tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, mimi ningeibomoa pembe hiyo na kuijenga upya kwa kupishanisha matofali.

Mkazi wa Misungwi
Marahaba ya fundi sina haki nayo, lakini shukrani zangu ni kwenu nyote wawili. Nimerudi baada ya majuma mawili: ndoo mbili za luseni kwa moja ya mbuga, pamoja na katani, zimenipa matofali ishirini, na lililopasuka ni moja tu, lile nililolisahau juani. Mengine niliyafunika kwa nyasi. Pembe ya jikoni tunaibomoa Jumamosi.