Naomba ushauri: baada ya Tosca, nitazame ipi?

Habari wadau. Nimetazama Tosca, opera (tamthilia inayoimbwa) ya Puccini, iliyorekodiwa Roma mwaka 1992, Catherine Malfitano na Plácido Domingo wakiimba mahali penyewe pa hadithi: kanisa la Sant'Andrea della Valle, jumba la Farnese, kisha ngome ya Sant'Angelo alfajiri. Okestra, chini ya Zubin Mehta, ilikuwa mbali studioni! Wimbo wa Tosca, "Vissi d'arte", ulinitoa machozi.

Shida yangu: nikisoma tafsiri chini ya skrini, uso wa mwimbaji unanipita, nikimtazama yeye, maneno yananipita. Wenzangu mnafanyaje, mnasoma hadithi yote kwanza?

Na kwa opera ya La Traviata, nianze na filamu ya mwongozaji Zeffirelli ya 1982 au rekodi ya jukwaani, yenye muziki kamili?