Nywele za pembeni zinaisha: minoksidili, sindano za damu au mafuta ya nyonyo?

MamaPacha_Nzuguni
Habari za jioni wanajukwaa. Nina miaka 34, naishi Nzuguni hapa Dodoma, kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Nimesuka rasta ndogondogo miaka mingi bila kupumzika. Nikifumua leo, kesho narudi kwa msusi. Sasa mbele na juu ya masikio nywele zimerudi nyuma upana wa vidole viwili. Halafu tangu mwezi uliopita zinanyonyoka kichwa kizima, nikichana kitana kinajaa. Nilijifungua miezi minne iliyopita na bado nanyonyesha.

Habari za kupandikiza nywele sizitaki. Nimetajiwa vitu vitatu: minoksidili (dawa ya kuotesha nywele) ya kupaka, kuchomwa damu yako mwenyewe kichwani, na mafuta ya nyonyo. Baba watoto naye utosi umeanza kuwa wazi, anasema tununue chupa moja tutumie wote. Naomba mnilinganishie.

Mfamasia_AreaC
Hongera kwa uzazi, dada. Hapo una matatizo mawili tofauti, na la shemeji, nywele kusinyaa kwa homoni, ni la tatu. Ukiyachanganya utanunua dawa isiyo yako.

Kunyonyoka kichwa kizima ni kwa sababu ya uzazi. Ukiwa mjamzito homoni huzizuia nywele zisidondoke kwa wakati wake. Ukishajifungua zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi 2 hadi 4 baadaye zinaanguka kwa wingi. Kwa kawaida hali hiyo hutulia yenyewe, na ndani ya mwaka mmoja nywele zinakuwa zimejaa tena. Ndiyo maana chochote utakachopaka sasa kitapewa sifa isiyo yake. Kapime wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo, hasa kama ulipoteza damu nyingi kujifungua pacha.

Pembeni ni kuvutwa na rasta. Simama juani na kioo: ukiona vitundu na vinyweleo laini, shina bado liko hai. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, haina vitundu, hapo pana kovu, na hakuna dawa ya kupaka itakayoliamsha.

Msusi_Majengo
Naunga mkono. Nasuka Majengo miaka mingi na linaloniumiza ni mteja kuniambia "kaza zaidi zidumu", usiku anameza panadol ndipo alale. Kichwa kikiuma, au vikitokea vipele vyeupe kando ya paji, rasta zifumuliwe siku hiyohiyo. Rasta juu ya nywele zilizowekwa dawa ni mbaya zaidi, na gundi ya wigi inang'oa hata zile chache zilizobaki. Suka mistari minene, ya kulegea, au kaa na nywele zako kwanza. Najua nakataza biashara yangu, lakini nimeona vichwa vya mabinti wa miaka ishirini na kitu vikiwa wazi pembeni na inauma.

Kijana_wa_Nkuhungu
Kuhusu minoksidili naweza kusema, maana naitumia mwaka wa pili sasa, ya asilimia 5. Ni mililita moja asubuhi, moja jioni, kwa hiyo chupa ya mililita 60 ni ya mwezi mmoja. Mkichangia wawili inaisha kwa wiki mbili hivi.

Wiki za mwanzo nywele zilidondoka zaidi, nikataka kuitupa. Kumbe zile za zamani zinapisha mpya. Mabadiliko nimeyaona mwezi wa tano. Baadaye niliacha miezi minne kwa kubanwa na ada, na yote niliyopata yakaondoka, nikaanza upya. Pia ile ya maji ilinikausha ngozi, na hewa yetu hii ya Dodoma ndiyo ikazidisha muwasho. Nilipohamia ya povu nikatulia.

Mfamasia_AreaC
Nyongeza kwa MamaPacha: wakati wa kunyonyesha usiianze bila daktari. Na shemeji akiitumia, watoto wasiguse kichwa kabla hakijakauka. Ulaya imeripotiwa vichanga kuota manyoya mwilini kwa kugusana na mzazi aliyejipaka. Kama mnafuga paka, ni sumu kwake.

Kwa shemeji kuna pia finasteraidi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kinachopunguza homoni inayosinyaza mashina. Wanaume wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au hushuka moyo, kwa hiyo aongee na daktari kwanza. Akipima tezi dume aseme anakimeza, kwa sababu kinashusha karibu nusu kipimo cha damu cha tezi hiyo, kiitwacho PSA. Mama mjamzito asiguse hata kidonge kilichovunjika.

Dada_Kisasa
Sindano za damu nilichoma mara tatu, kila baada ya mwezi, kwenye kliniki moja ya Dar. Wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, ule umajimaji wenye chembe sahani (zile zinazogandisha damu) wanauchoma kichwani. Inauma. Hakuna aliyenikagua ngozi kwa makini kabla ya kupokea pesa. Baadaye nilikwenda kwa madaktari wa ngozi hospitali ya KCMC Moshi, wakakata kipande kidogo cha ngozi wakapime: kovu. Sindano zinaweza kumsaidia mwenye nywele zinazosinyaa kama za shemeji. Mimi nilichelewa.

Mjukuu_wa_Kondoa
Nyonyo msiitupe. Bibi ametupaka tangu utotoni.

Mfamasia_AreaC
Haitupwi, ndugu yangu. Inalainisha nywele zisikatike, na kwa vumbi letu hilo si dogo. Kuotesha penye upara ndiko kusikothibitishwa.

MamaPacha_Nzuguni
Nimesimama juani na kioo. Upande wa kushoto vinyweleo vipo, kulia juu ya sikio sina uhakika. Kesho naomba ruhusa kazini nikapime damu na kumwona daktari wa ngozi, na Jumamosi nafumua. Baba watoto amesoma yote haya, amekubali chupa yake iwe yake. Msusi wa Majengo, unapokea wateja wa mistari ya kulegea Jumapili?

Msusi_Majengo
Jumapili nipo, dada, lakini njoo baada ya mwezi. Kwanza kiache kichwa kipumue.