Kuficha kasha la jiokeshi: tundu la mti, daraja au kilimani?

MfichajiMpya
Wakuu wa jiokeshi, mchezo wetu wa kuficha makasha na kuyasaka kwa GPS, naomba mawazo. Nimesaka makasha ya wenzangu vya kutosha, sasa nataka kuficha la kwangu la kwanza. Sehemu zilizonivutia ni hizi:
1. Mti mkubwa wenye tundu, msituni, kama mita 60 nje ya njia.
2. Daraja la chuma la waenda kwa miguu. Kikopo cha sumaku chini ya reli ya kushikia.
3. Kilele cha kilima. Pana rundo la mawe na miamba yenye nyufa.
Ninyi mngechagua ipi?

DiraMkononi
Namba 3, tena bila kujiuliza. Msakaji akifika juu akalikosa kasha, angalau ameona mandhari. Vikopo vya darajani ni vya kuongezea idadi ya makasha uliyopata tu. Dave Ulmer alipoficha kasha la kwanza kule Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali yao kuacha kuvuruga GPS ya raia, alitumia ndoo porini. Mchezo wetu umetoka huko.

SumakuKali
Mkuu Dira, ndoo hiyo hiyo ilikuwa imefukiwa nusu. Leo mhakiki, yule anayekagua kasha kabla halijatangazwa, angeikataa, maana kuchimba hakuruhusiwi bila kibali cha mwenye ardhi 😄
Daraja usilidharau. Anayetumia kiti cha magurudumu analifikia, mradi kikopo kiwe usawa wa mkono wake, na hapo unaweza kulipatia alama ya ardhi 1, yaani njia rahisi kuliko zote. Kilimani umeshamfungia mlango. Ila kweli kuna tatizo la macho ya watu. Anayepapasa chini ya reli mchana kweupe anatiliwa shaka, na mtu akipiga simu polisi ni balaa. Pata kibali cha mwenye daraja kwanza, na kama chini yake inapita treni, achana nalo.

BiDaftari
Kabla ya uzuri wa mahali, jiulize: kasha likilowa, utaenda kulitazama? Makasha mengi ninayoyakuta yamekufa hayakuibwa, yameoza. Fungua kifuniko utazame ule mpira: mara nyingi kona ya mfuko wa plastiki wa daftari, lile wasakaji wanaloandika majina, imebanwa pale, na maji yanapanda kupitia mkunjo ule kama mafuta kwenye utambi. Daftari linageuka uji. Chukua chombo chenye vibano pande zote nne, na mfuko uwe mdogo kuliko chombo.
Tundu la mti silipendi kabisa. Lina wenyewe: ndege, nyuki, pengine nyoka. Halafu simu hata kwenye uwazi hukosea kama mita 5, na chini ya majani makosa huzidi. Wasakaji watazunguka huko wakikanyaga miche mpaka itokee njia ambayo haikuwepo.

MsituniTu
Bi Daftari, tundu sawa, liachwe. Lakini msitu wenyewe una kosa gani? Alete kasha hatua chache tu kutoka njiani, kwenye mizizi iliyoinuka, alifunike na gome lililoanguka. Kivuli, utulivu, hakuna macho ya watu.

BiDaftari
Hapo nakubali, mwenye msitu akiruhusu.

MfichajiMpya
Asanteni. Kilima nakipanda karibu kila wiki, kwa hiyo matunzo si shida. Rundo la mawe nalo vipi? Na kuna kasha lingine njiani kwenye mteremko.

DiraMkononi
Rundo usiliguse! Watalibomoa jiwe baada ya jiwe. Tumia ufa wa mwamba, uzibe kwa jiwe moja, na kidokezo kiseme wazi kwamba rundo halihusiki. Kasha la jirani liwe umbali wa mita 161 au zaidi. Pia vituo vya makasha ya hatua nyingi, yale yanayokupeleka kituo hadi kituo, vinahesabiwa, na vingine ramani haivionyeshi, kwa hiyo muulize mhakiki kabla hujabeba kitu.

SumakuKali
Viwianishi, yaani namba za GPS za mahali, chukua siku tofauti, uandike wastani. Karibu na mwamba mrefu mawimbi ya GPS hudunda.

MfichajiMpya
Basi kilimani. Jumamosi napanda na simu tu, kasha libaki nyumbani mpaka mhakiki anijibu kuhusu umbali.